Blanketi Iliyouma Mtu Harusini

Kabla hujashika mkasi, kabla hujatia uzi kwa sindano, kabla hata hujanionyesha hiyo video kwa simu yako, papasa mifuko. Ndiyo, mifuko ya sweta. Nawaona mnavyotazamana hapo nyuma. Chekeni tu. Mimi nimefundisha wamama kushona blanketi za viraka tangu meno yangu yote yakiwa mdomoni, na sasa nimestaafu niko hapa Kiamunyi nikibishana na kuku wa jirani, lakini hiyo sheria bado naikariri. Papasa mifuko. Nitawaambia kwa nini, ila mnivumilie, mimi huwa naanza katikati kisha natoka nje, vile blanketi inashonwa.

Nyinyi mnaiita kwilti. Sisi tulisema blanketi ya viraka, na kwa ile baridi ya Elburgon hakuna aliyejali jina. Ina tabaka tatu. Juu ni viraka, hapo ndipo unajidai. Chini ni kitambaa kimoja kizima, hata shuka ya mtumba inatosha. Katikati ndiko joto linakaa. Siku hizi mnaenda dukani mnanunua pamba imeviringishwa vizuri, nyeupe, haina historia. Sisi tuliweka sweta kuukuu. Unakata mikono, unapasua ubavuni, unapiga pasi mpaka ilale chali, kisha unapanga moja kando ya nyingine bila kupandana. Zikipandana, blanketi inaota kibiongo, na mwenye kulala chini yake atakutaja vibaya kila asubuhi.

Sio kila kitu laini ni cha kuweka katikati. Hilo nilifundishwa na Mama Zippy, ambaye alikuwa mwanafunzi wangu, lakini kuna siku mwanafunzi ndiye anafundisha. Mama Zippy alikuwa na bidii mpaka inatisha. Kama anasikia haya atanipigia simu, na apige tu, nitashika. Darasa letu lilikuwa kwa ukumbi wa kanisa pale Elburgon, karibu na kiwanda cha mbao, na vumbi la mbao lilikuwa la bure. Mama Zippy akaona, kwani nitafute sweta za nini? Akajaza blanketi nzima na vumbi la mbao, akashona pande zote, akaipeleka nyumbani akiimba.

Baada ya siku kadhaa akaja amekunja uso.

"Mwalimu, kuku wangu wamehama."

"Wamehamia wapi?"

"Kitandani. Wanataga hapo. Mzee amelalia mayai leo asubuhi."

Ukifikiria vizuri, kuku hawakuwa na makosa. Maisha yao yote wamelala kwa vumbi la mbao, wakasikia harufu ya kwao, wakaingia. Mzee wake, mtu mpole sana, aliniomba kwa adabu nimfundishe bibi yake kitu kingine, kama kupika keki.

Huyo huyo Mama Zippy ndiye alishona blanketi pamoja na sketi yake. Msinicheke mkidhani nyinyi ni tofauti, itawapata pia. Ukishonea magotini badala ya mezani, sindano haijui blanketi inaishia wapi na wewe unaanzia wapi. Alipiga mishono midogo, mizuri, ya kwanza mizuri tangu azaliwe, kisha akasimama kwenda msalani na kazi ya wiki mbili ikamfuata mpaka mlangoni. Alilia. Si kwa aibu, ni kwa sababu mishono ilikuwa mizuri na sasa ilibidi ifumuliwe.

Mimi nilijifunzia Nakuru, pale Bondeni, kwa Bi Salma. Mama wa Kiislamu, mashine yake ya mkono, maneno machache. Alikuwa anapima uzi kwa kiwiko: uzi usizidi kutoka ncha ya kidole hadi kwenye kiwiko, ukizidi hapo unajifunga mafundo na unakufanya utukane. Kitambaa chekundu hukifua peke yake kwanza, kwa chumvi, kwa sababu hakina rafiki, kitawapaka wengine wote. Lakini somo lake kubwa lilikuwa hili. Ukimaliza blanketi alikufunga macho na leso, akakuambia upitishe kiganja juu yake polepole.

"Macho yanapenda rangi," alisema. "Yatakudanganya, mwanangu. Mkono hauna ushabiki."

Kwa kiganja unajua kama uzi umekaza, kama sweta imekunjana huko ndani, kama kuna pini imesahaulika. Nilifanya hivyo mpaka nikaweza kukwambia kwa kugusa tu hii ni sweta ya shule na hii ni ya mzee wa kanisa. Kiwekeni hapo hicho kiganja, tutakihitaji mbele.

Sasa Gogo Taplelei. Gogo ni nyanya, kwa wale mmezaliwa mjini. Alitoka Keringet, akaja kukaa Elburgon na mjukuu wake Chepkirui, msichana aliyemlea mwenyewe tangu wazazi wake wafariki. Gogo ndiye alikuwa mwanafunzi wangu mkubwa kwa umri na mbaya kwa tabia. Alikuwa anakata uzi na meno. Nilimkataza, nikambembeleza, nikampa mkasi mdogo wake mwenyewe. Mkasi akautumia kukata kucha.

Na alikuwa na haki ya kuringa na hayo meno, kwa sababu yalikuwa mapya. Chepkirui alipopata kazi Nakuru, kitu cha kwanza alichomfanyia gogo wake ni kumpeleka kwa daktari wa meno, akawekewa meno ya bandia, juu na chini. Woi, maringo! Gogo alicheka hata kwa mambo yasiyochekesha. Ukimwambia bei ya sukari imepanda, anacheka, ili uone. Shida ni kwamba yalimfinya kidogo, basi darasani, akishaonekana na kila mtu, alikuwa anayatoa kisirisiri, anayafunga kwa kitambaa, anayaweka mfukoni yapumzike.

Mmeanza kuona mahali naenda. Tulieni.

Chepkirui akapata mchumba, Muchiri, kijana wa hapa Kiamunyi. Gogo Mkalenjin, wakwe Wakikuyu, na mnajua sisi watu wa huku, kuna wazee pande zote mbili waliguna kidogo. Chepkirui alimwambia gogo wake mbele yetu sote, hapo darasani, akiwa amepiga magoti:

"Gogo, mimi sina mama wa kunisimamia. Wewe ndiye utanibariki siku hiyo, kwa mdomo wako, watu wote wasikie. Usipoongea wewe, mimi sitajihesabu nimeolewa."

Gogo akasema sawa, na akacheka, meno yote nje.

Darasa likaamua kumshonea Chepkirui blanketi ya harusi. Kwetu kulikuwa na desturi, na hii desturi tulianza sisi wenyewe, hamtaipata kwa video. Blanketi ya harusi haijazwi na sweta za mtumba. Kila mama anatoa sweta yake mwenyewe, ile amevaa na kuchoka nayo, ndiyo inawekwa katikati. Hivyo bibi arusi akilala, joto la wamama wote liko juu yake. Anaivua papo hapo, darasani, anaiweka mezani. Mama Zippy alitoa sweta yake ya kijani iliyonukia moshi. Gogo akatoa yake ya vifungo, rangi ya udongo, aliyoivaa mpaka tukadhani ni ngozi yake. Tukaimba, tukakata mikono ya sweta, tukapiga pasi ya makaa juu juu, tukapanga, tukafunika, tukaanza kushona katikati tukienda nje.

Jioni Gogo akaanza kutafuta meno.

Kwanza alitafuta kimyakimya, akijifanya ametupa sindano. Kisha chini ya meza. Kisha kwenye majani ya chai. Mkitaka kuona mtu mzima amechanganyikiwa, mtazameni akitafuta kitu ambacho hataki watu wajue kimepotea. Nikamuuliza, "Gogo, umepoteza nini?" Akafunika mdomo na mkono, akatikisa kichwa. Hapo nikajua.

Tulipekua ukumbi wote. Tulifagia mpaka nyuma ya kinanda. Na Gogo, kwa uchungu wake, akaanza kumwangalia Mama Zippy, kwa sababu Mama Zippy mwenyewe alikuwa na pengo mbele.

"Kuna mtu hapa anataka meno," Gogo alisema kupitia leso.

"Gogo, haki ya Mungu! Nichukue meno ya mtu nipeleke wapi? Niyaweke ya kwangu yafanye kazi gani, yatoke nje kusalimia watu?"

"Mimi sijataja jina."

"Lakini unaniangalia!"

"Nina macho. Macho hayajapotea."

Basi, hapo urafiki ukavunjika. Mama Zippy akahamia meza ya mlangoni. Mimi nikicheka nje, ndani naumia, kwa sababu hao wawili ndio walikuwa darasa langu. Wakikosana, hata chai haina ladha.

Na mbaya zaidi, Gogo akakataa katakata Chepkirui aambiwe. Meno aliyonunuliwa na mtoto, ayapoteze na harusi imekaribia? Hapana. Na kuongea mbele ya wakwe bila meno? Hapana mara mbili. "Hao watu wa Kiamunyi wasiseme mtoto wetu ametoka kwa watu wa ufizi," alisema. Nikamwambia, Gogo, mficha uchi hazai, mwambie msichana atafute daktari mapema. Akavuta leso akajifunika uso. Alikuwa tayari kukaa harusini na mdomo umefungwa kama mtungi, na Chepkirui aende bila baraka. Hilo ndilo lilikuwa linanitia baridi, vijana. Nilijua yule msichana alikuwa anaingojea hiyo sauti kuliko gauni.

Siku ikafika. Harusi ilikuwa hapa hapa Kiamunyi, kwa shamba la mkwe, tenti nyeupe, spika kubwa, na emsii mmoja mwenye suti ya kung'aa aliyependa sauti yake mwenyewe. Gogo aliketi mbele, leso imemfika puani. Kila mkwe akija kumsalimia, anainamisha kichwa kwa heshima. "Aki huyu mama ni mnyenyekevu!" walisema wakwe. Sisi tuliomjua tulitazama chini.

Chepkirui akaja akamnong'oneza, "Gogo, zamu yako iko karibu." Gogo akaangalia mbali. Niliona msichana akirudi kwa kiti chake akiburuta gauni.

Ilibidi sisi wamama tutoe zawadi kwanza. Tukaingia tukicheza na blanketi juu ya vichwa, tukaifungua watu waione. Watu wakapiga kelele, kwa sababu ilikuwa kali, siwezi kusema uwongo. Tulikuwa tumepanga tumkalishe mama ya Muchiri, tumtandikie blanketi kwa kiti, kisha Chepkirui amfunike magoti kwa ile sehemu nyingine, kuonyesha kwamba sasa ni nyumba moja. Mama Muchiri alikuwa mama mnene, mchangamfu, wa kujiachilia. Akacheza raundi moja, akageuka, akakaa kwa nguvu zake zote.

"UUUWI! Kitu imeniuma!"

Akaruka. Nilikuwa sijawahi kuona mtu wa umri ule akiruka vile. Muziki ukakatika.

"Imeniuma! Iko na meno!"

Yule emsii naye hakuweza kunyamaza. "Waswahili walisema, kikulacho ki nguoni mwako!" akapiga kelele kwa maikrofoni. Wazee waliokuwa wakiguna wakaanza kuguna upya. Nikasikia mmoja akiuliza hawa watu wa Keringet wameleta nini.

 Nilijua ni sindano, kwa sababu na lile zogo la meno sikuipitishia kiganja tulipomaliza. Mwalimu mzima, miaka yote hiyo, nimeacha sindano ndani ya blanketi ya harusi na imemchoma mkwe matakoni! Nikaishika blanketi, nikafunga macho vile Bi Salma alinifundisha, nikapitisha kiganja polepole. Sweta ya Mama Zippy. Mshono. Sweta ya vifungo. Ukingo wa mfuko. Na ndani ya mfuko, kitu kigumu, kimepinda, safu moja juu na safu moja chini.

Nikafungua macho, nikamwangalia Gogo. Gogo akaangalia kiganja changu kiko wapi, akakumbuka sweta yake, akashusha leso mwenyewe bila kujua, mdomo wazi, mtupu, mbele ya Kiamunyi yote.

"Mama Zippy," nikasema, "una wembe?"

Fundi wa kweli hatembei bila wembe, na hata harusini Mama Zippy alikuwa nao kwa mkoba, umefungwa kwa karatasi. Mzee mmoja akasimama akasema haifai, zawadi ya harusi haikatwi siku ya harusi, ni mkosi. Nikamwambia, mzee wangu, hatukati, tunafumua. Kukata ni kuharibu. Kufumua ni kuomba uzi radhi. Akakaa, sijui kama alielewa, hata mimi sikuwa nimeelewa.

Mama Zippy ndiye alifumua, mshono kwa mshono. Akaingiza vidole, akatoa kale kafurushi ka kitambaa. Hakukafungua. Hakukainua watu waone. Angeweza, na mimi ningemwelewa kabisa. Alikaficha kwa kiganja, akamwendea Gogo, akakaweka mkononi mwake. Mama Muchiri, bado anajishika nyuma, akavua shali yake akaikinga mbele ya Gogo, akaitisha maji ya chupa. Tukasikia maji yakimwagika. Tukasikia "tak."

Shali ikashuka. Gogo akasimama, akanyang'anya emsii maikrofoni. Mdomo ukafunguka na meno yote yakawa hapo, yanang'aa kuliko suti.

"Kwanza," akasema, "Mama Zippy. Nilikuangalia vibaya. Macho ndiyo yalikuwa yamepotea. Nisamehe."

Mama Zippy akaanza kulia na kutabasamu, pengo na kila kitu.

"Pili. Mkwe wangu, nimekuuma kabla hatujasalimiana vizuri. Wengine huuma baada ya miaka mingi, mimi nimemaliza leo. Sitakuuma tena."

Mama Muchiri alicheka mpaka akatafuta kiti, akakumbuka, akabaki amesimama.

"Na sasa nyinyi wawili." Chepkirui na Muchiri wakapiga magoti, na Gogo akawawekea mkono kichwani. "Hii nyumba yenu imeshauma mtu mmoja. Isiume mwingine!"

"Isiume!" tukaitikia, Keringet na Kiamunyi pamoja, hata wale wazee wa kuguna.

"Mkikosana, msikate. Fumueni!"

"Fumueni!"

"Na kitu ikipotea, msiangaliane vibaya. Tafuteni ndani kwanza!"

"Ndani kwanza!"

Chepkirui alikuwa analia mpaka poda inaacha mistari. Na mimi pia, sina haja ya kuficha. Nimesikia wahubiri wengi, lakini sijasikia baraka kama ile.

Baadaye nikataka kuishona ile nafasi ifunge kabisa. Gogo akakataa. "Weka kifungo," akasema. "Wacha iwe mfuko. Siku ingine nitajua pa kutafuta." Nikaweka kifungo cha sweta yake mwenyewe, cha rangi ya udongo, ukikiangalia utadhani nilikipanga tangu mwanzo. Ndiyo maana wanafunzi wangu wa baadaye wote wanaweka mfuko kwa blanketi ya harusi na hawajui kwa nini. Wanadhani ni fasheni.

Gogo alitutoka mwaka jana, amezeeka, amelala, meno yake kwa kikombe kando ya kitanda. Alikuwa ameshamwona kitukuu wake, Wambo, mtoto wa Chepkirui, akikimbia na kutukana kuku wa jirani. Chepkirui anakaa mtaa huu, si mbali, na juzi aliniletea ile blanketi nimrekebishie upindo, umeanza kuchoka.

Nikaitandika mezani. Mazoea ni mazoea, nikafunga macho, nikapitisha kiganja. Kijani ya Mama Zippy. Mshono. Ukingo wa mfuko. Halafu kitu. Kidogo, kigumu, hakizidi punje ya mahindi.

Nikafungua kifungo. Lilikuwa jino. Jino la mtoto, jeupe, limefungwa kwa kitambaa vizuri.

Nikamwita Wambo, ambaye huniita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, alikuwa nje akichokoza jogoo. Akaja, akanichekea, na pale mbele palikuwa na pengo.

"Wambo, kwa nini hukulirusha juu ya paa kama watoto wengine?"

Akaniangalia kwa huruma, vile mtoto huangalia mtu mzima asiyejua kitu.

"Cucu, nimewekea Gogo. Yake huwa inapotea."

Nilirekebisha upindo siku hiyo, macho yananitoka maji hata sioni mshono, lakini mkono uliona. Kisha nikalirudisha jino mahali pake, nikafunga kifungo.